Chumba Kikavu cha Mtaa wa Narung'ombe

Kariakoo, Dar es Salaam
2 Machi 1936

Mpenzi Mama Agnesi,

Tumsifu Yesu Kristu. Mimi ni mzima na biashara inakwenda. Leo nina habari niliyoitembeza mjini siku tatu bila mtu wa kumwambia. Nimepata chumba.

Kipo Mtaa wa Narung'ombe, hatua chache tu kutoka dukani, katika nyumba ya mama mjane anayeitwa Bi Fakhriya binti Saif. Wazee wake walitoka Arabuni, yeye amezaliwa hapa hapa, na hapangishi mtu kabla ya kumhoji. Mimi alinihoji saa nzima. Aliniuliza nauza nini, nikamwambia maharage na vitunguu kwa jumla. Akaniuliza kama nakunywa pombe. Nikasema Jumapili, kidogo. "Kidogo cha nani?" akaniuliza. Kabla sijajibu akacheka, akanipa ufunguo.

Chumba ni kikubwa kuliko nilivyotazamia. Kuta zimepakwa chokaa nyeupe, chini ni sementi, dirisha linatazama uani. Nimenunua kitanda cha mninga, upana wa watu wawili na mtoto wa kurusha miguu usingizini kama Agnesi. Kina miguu iliyochongwa na ubao wa kichwani wenye maua. Godoro ni la usufi, jipya kabisa, hajalilalia mtu. Nimenunua na ndoo ya kwako mwenyewe, ya mabati mazito. Chumba ni kikavu.

Masika yako karibu kuanza. Nakuomba mje baada ya Pasaka. Wilbert awasindikize kwa treni hadi Tanga, hapo mtapata meli ya kuja huku, nami nitawangoja bandarini. Hewa ya pwani ina joto. Itamfaa mtoto kwa kifua chake.

Jambo moja dogo. Hivi mama yako huweka nini darini ili maharage yasishike ukungu? Nauliza kwa ajili ya dukani.

Mumeo,
Tarsis


Kibosho
14 Machi 1936

Baba Agnesi,

Milele amina. Barua yako imefika na kaka yangu Wilbert, aliyekwenda Moshi kununua misumari. Amenisomea kwa sauti mara moja, kisha nikamnyang'anya nikasoma mwenyewe.

Nimefurahi kwa chumba. Nimefurahi na kitanda, ambacho umekieleza mistari mitatu. Ukavu wa chumba umeueleza kwa maneno matatu, na nyuma yake ukauliza habari za ukungu wa maharage. Wewe umekulia kwenye kihamba, katikati ya migomba na kahawa. Unajua kabisa kwamba Mama huweka maharage juu ya moto wa kupikia, moshi ukayakausha. Nimejiuliza umesahau lini.

Sista wa hospitali ya misheni alituambia tangu mwaka jana kwamba adui wa kifua cha Agnesi ni unyevu. Leo nimemwuliza mtu atajuaje kama chumba kina unyevu wakati yuko mbali nacho. Akanifundisha hivi: chukua chumvi ya kupikia, ikaange mpaka ikauke kabisa, iweke kwenye sahani, ifungie chumbani siku mbili bila kufungua dirisha. Ikibaki ya kumwagika kama mchanga, chumba ni kizuri. Ikishikana, kina unyevu. Ikilia machozi, mtoto asilale humo.

Fanya hivyo, uniandikie ulichokiona, wala si unachokitaka. Agnesi anakusalimu. Anauliza kama Dar es Salaam kuna ng'ombe.

Mkeo,
Josepha


Kariakoo
27 Machi 1936

Mpenzi Mama Agnesi,

Tumsifu Yesu Kristu. Mwambie Agnesi ng'ombe wapo, lakini wanatembea barabarani kama wenye mji.

Nimefanya ulivyoniagiza. Chumvi ililia. Si sana. Ililia kidogo siku ya kwanza, siku ya pili ikalia zaidi. Unyevu upo upande wa ukuta wa nyuma tu, na mvua zimeanza kwa nguvu mwaka huu, kila mtu anasema hivyo. Kwa hiyo usihangaike, kwa sababu nimeshaanza kutafuta kitu cha kukausha hewa ya chumba, na mji huu hauna upungufu wa watu wenye dawa ya kila jambo.

Nimekwenda kwa watu watatu. Wa kwanza ni Ramadhan, anayechoma chokaa ng'ambo ya Magomeni. Yeye anasema niweke chumbani mawe ya chokaa yaliyotoka tanurini, kabla hayajazimwa kwa maji, maana yana kiu na yatakunywa unyevu wote. Wa pili ni muuza makaa wa sokoni, anasema kikapu cha makaa kila pembe kinatosha, na bibi yake aliishi miaka tisini kwa namna hiyo. Wa tatu ni Hashil, mwenye duka la vyombo vya chuma karibu na Mnazi Mmoja. Huyu alinikalisha kwenye kiti. Akanionyesha stovu ya mafuta ya taa, ndefu, rangi ya kijani, ina kidirisha unachoona moto wake. "Bwana Tarsis," aliniambia, "kitu kilicholowa unakikausha kwa nini? Si kwa moto? Basi chumba nacho ni hivyo hivyo."

Maneno yake yaliniingia. Nimenunua stovu.

Bi Fakhriya aliitazama ikiingizwa mlangoni, akauliza, "Hiyo itapika nini?" Nikamwambia inapika hewa. Akaenda zake.

Naiwasha kila jioni nimefunga dirisha ili joto lisitoroke. Chumba kinakuwa na joto zuri mno. Ninaamini kufikia Pasaka ukuta utakuwa umekauka, nanyi mtakuja.

Mumeo,
Tarsis


Kibosho
7 Aprili 1936

Baba Agnesi,

Milele amina. Nashukuru umesema kweli kuhusu chumvi. Hiyo stovu siijui, sina la kusema juu yake, ila naomba kabla ya kuisifu tena uweke sahani nyingine ya chumvi mbele yake.

Hapa mvua haikatiki. Kahawa inachanua vizuri. Mama ni mzima, miguu inamsumbua kidogo. Tunalala kwake siku hizi. Juzi alimtuma Agnesi kwa shangazi kule juu karibu na msitu kuazima chungu, na kabla hatujamaliza kumenya ndizi alikuwa amesharudi mbio na chungu kichwani. Mama akamwambia ana miguu ya paa.

Kwa hiyo usichelewe. Mtoto anahitaji hewa ya pwani kwa ajili ya kifua.

Pasaka njema.

Mkeo,
Josepha


Kariakoo
22 Aprili 1936

Mpenzi Mama Agnesi,

Tumsifu Yesu Kristu. Kaa chini kabla ya kusoma. Hakuna aliyekufa.

Nimerudisha stovu kwa Hashil. Nilifanya kama ulivyosema, nikaweka sahani mbele yake, na asubuhi yake hapakuwa na chumvi, palikuwa na mchuzi. Kuta zote nne zilikuwa zinatoka jasho. Viatu vyangu vya kanisani vimeota manyoya ya kijani. Nikamfuata Hashil kwa hasira, tukabishana mpaka akaitwa mpishi wa hoteli moja kule Posta aliyekuwa akinunua sufuria. Mpishi alituuliza sote wawili, "Mmewahi kuweka bati baridi juu ya taa inayowaka, mkaona linavyoloa?" Kumbe mafuta ya taa yakiungua hutoa maji pamoja na joto, maji hayo hayaonekani, na mimi nilikuwa nimeyafungia ndani kila jioni, dirisha limefungwa. Nilikuwa nakimwagilia chumba kwa bidii yangu mwenyewe.

Hashil aliipokea stovu. Si mtu mbaya. Hata yeye hakujua.

Sasa nakuambia lile nililopaswa kusema tangu Machi. Chumba hakikuwa kikavu. Nilijua siku ya pili tu baada ya kukichukua, nilipoegemeza kofia ukutani ikatoka na alama ya maji. Si ukuta mmoja, ni kuta mbili. Nilipokuuliza habari za maharage nilikuwa nauliza habari zenu. Nilikudanganya kwa sababu vyumba vyote vingine nilivyoviona vilikuwa vibaya zaidi ya hiki, nami niliogopa ukisikia neno unyevu hutakuja, na mwaka utapita, na mwingine. Mimi nimechoka kula peke yangu, Josepha. Hilo ndilo jambo lenyewe.

Bi Fakhriya hupenda nimsomee barua zako, husema unaandika kama mtu anayepiga misumari. Nilipomsomea ile ya mwisho alinisimamisha.

"Rudia hapo pa chungu."

Nikarudia.

"Mtoto huyo ndiye mwenye kifua?"

"Ndiye."

"Na huko kwenu ni mlima au tambarare?"

Nikamwambia mlima. Akaendelea kuchambua mchele wake. "Haya," akasema. "Mimi sina neno." Sikuelewa alikuwa na maana gani, na aliponiona sielewi aliniambia nikaoge.

Kuna jambo jingine. Mzungu mmoja anayerudi kwao anauza vitu vyake, na katika vitu hivyo kuna sanduku la bati ambalo ndani lina trei, na trei ina chumvi ya duka la dawa. Si ya kula. Kazi yake ni kunyonya maji hewani. Alikuwa akihifadhia kamera na viatu vyake humo. Nilikuwa nakimbilia kulinunua, lakini Bi Fakhriya akanishika mkono. "Umeshanunua kwa kusikiliza," aliniambia. "Sasa nunua kwa kuona." Amenipa makasha manne ya chai, yote sawa. Nitaweka sahani ya chumvi ya kupikia ndani ya kila moja, kiasi kile kile. Kasha la kwanza litakuwa na makaa, la pili chokaa ya Ramadhan, la tatu chumvi hiyo ya dawa, nitakayonunua kidogo dukani, la nne halitakuwa na kitu. Nitayaweka chumbani siku kumi, na kila siku nitapima sahani kwa mizani ya dukani. Sahani itakayobaki na uzito wake, dawa ya kasha lake ndiyo tutakayoitegemea.

Kama bado unataka kuja.

Mumeo,
Tarsis


Kibosho
4 Mei 1936

Baba Agnesi,

Milele amina. Nimekaa na barua yako siku tatu. Siku ya kwanza nilikuwa na hasira na nilikuwa nimeshaanza kuandika, lakini hasira yenyewe haikutaka kusimama, kwa sababu na mimi nina la kwangu.

Bi Fakhriya ameona. Agnesi hakohoi. Hajakohoa tangu mwezi wa pili.

Tulihama nyumba ya zamani, ile ya msonge, moshi ulipozidi, tukaja kulala kwenye nyumba mpya ya Mama yenye dirisha. Wiki tatu, kikohozi kikaisha. Sista alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akasema hana kitu, aendelee tu kukaa mbali na moshi. Nilirudi nyumbani naimba. Kisha nikafika mlangoni nikakumbuka barua yako ya Januari. Uliandika hivi, ninayo hapa: "Kama si kifua cha mtoto ningekuambia ubaki uiangalie kahawa." Nikasema, basi kifua ndicho kinachoniita mjini. Kikipona, nabaki na kahawa.

Kwa hiyo sikukuambia. Kila barua niliyoandika "kifua" nilijisikia kama mwizi, na wewe huko unabeba stovu mgongoni kwa ajili ya kikohozi kisichokuwepo. Nisamehe. Na kile chungu kilinitoka tu kwenye kalamu, nilikuwa najivunia mtoto.

Sasa nakuuliza waziwazi na unijibu waziwazi. Agnesi ni mzima. Kahawa ipo, Wilbert anaweza kuiangalia au asiweze. Bado unatuita?

Ukijibu ndiyo, endelea na makasha yako. Mtoto ni mzima, lakini mimi siji kuvaa viatu vyenye manyoya. Na chumvi hiyo ya dawa, kama ni ya kuunguza, ifunikwe. Agnesi huonja kila kitu.

Mkeo,
Josepha


Kariakoo
17 Mei 1936

Josepha mpenzi,

Ndiyo. Nimeliweka mwanzo ili usilitafute.

Barua yako niliisoma nimesimama katikati ya magunia, na nakiri kwamba kwanza nilikasirika. Kila Jumapili tangu Januari nimewasha mshumaa kwa Mtakatifu Yosefu kwa ajili ya kifua ambacho Mungu alikuwa ameshakiponya. Nilimwambia padre. Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema niendelee kuwasha, sasa wa shukrani. Kufikia jioni nilikuwa nimemwambia kila mtu sokoni kwamba mtoto wangu anapanda mlima na chungu kichwani, hata wasioniuliza.

Ile ya kahawa niliandika kwa sababu nilidhani unataka kubaki. Uliwahi kusema mjini hakuna majani ya migomba. Nikaona nikupe njia ya kukataa bila kuniudhi. Tazama jinsi tulivyo.

Sasa makasha.

Lile lisilo na kitu, chumvi ilikuwa uji siku ya tatu. Lenye makaa lilikuwa afadhali kidogo, na harufu ya ukungu iliondoka kabisa, lakini chumvi ililowa vile vile, ilichelewa tu. Lile la chokaa lilinishangaza. Siku tano sahani haikuongezeka uzito hata kidogo. Nikaanza kumsifu Ramadhan. Siku ya sita mawe yalikuwa yamevimba yakainua kifuniko, yamegeuka unga, na toka hapo hayakunywa tena. Yakishashiba yamekwisha, unatupa, unanunua mengine. Na yanapovimba yana moto, hayafai nyumba yenye mtoto anayeonja kila kitu.

Lenye chumvi ya dawa ndilo lililoshinda. Sahani ilibaki kavu mpaka siku ya kumi. Chumvi yenyewe ndiyo iliyolowa badala yake, ikawa maji kwenye trei. Nikadhani nayo imekwisha, lakini mwenye duka la dawa aliniambia niyaweke maji hayo kwenye sufuria kuukuu juu ya jiko la makaa, nje, mpaka yakauke. Nilifanya hivyo. Ikarudi kuwa jiwe, nikaiweka tena, ikanywa tena kama mwanzo. Hiyo ndiyo niliyoichagua. Kitu cha kutegemea ni kile unachoweza kukirudisha kazini mwenyewe, bila kungoja meli.

Nilipokwenda kununua lile sanduku la Mzungu, lilikuwa limeshauzwa! Mpiga picha mmoja amelichukua. Sikulala njaa kwa hilo. Nilikuwa nimelichungulia vya kutosha, nikamchorea Hamis, fundi wa mabati, naye akatengeneza jingine bora zaidi: trei mbili, wavu mgumu juu yake wenye kitasa ili mkono wa mtoto usiingie, na chini bomba dogo la kumwagia maji kwenye kopo. Ufunguo wa kitasa nauvaa shingoni pamoja na msalaba.

Hamis ndiye aliyeniuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza. "Maji haya yanatoka wapi?" Nikamwambia hewani. Akazunguka nyuma ya nyumba. Mtaro wa mvua umeziba kwa takataka za miaka, maji yanasimama yameegemea ukuta wetu. Tulichimba siku mbili, yeye na mimi, tukaupanga mawe. Bi Fakhriya alitoka akasimama akitazama maji yanavyoondoka. Baadaye alituletea mkate wa kumimina, sinia zima.

Jana sanduku limetoa kopo moja la maji kwa siku nzima. Wiki iliyopita, kabla ya mtaro, yalikuwa matatu.

Njoni. Nina haraka sasa.

Mumeo,
Tarsis


Mtaa wa Narung'ombe
20 Mei 1936

Kwa mwanangu Josepha,

Salaam sana. Anayeandika ni mjukuu wangu Zeina, aliyekuja kunitembelea, anayesema ni mimi, Fakhriya. Mumeo hajui, na barua hii ataipeleka posta mwenyewe bila kujua imebeba nini.

Nyinyi wawili mmeambiana kweli, nami nimeona aibu kubaki nyuma. Ukuta ule nilijua. Mpangaji aliyemtangulia mumeo alihama kwa ajili yake. Nilipaka chokaa nyeupe juu ili upendeze machoni, nikamhoji yule bwana saa nzima ili asipate nafasi ya kunihoji mimi. Nimemwambia hivyo juzi. Alinisamehe upesi mpaka nikaudhika.

Na lipo ambalo yeye hatakuambia. Lile godoro la usufi liko chumbani kwangu, juu ya kabati, tangu siku alipolinunua. Hakutaka liingie unyevu kabla hujaliona. Yeye mwenyewe amelala dukani juu ya magunia ya maharage tangu Machi, anakuja hapa asubuhi kuoga na kupima chumvi. Aliumwa mafua wiki mbili, nikamchemshia tangawizi, akaniapisha nisiseme. Nimeapa kwa ulimi. Barua haikuwamo katika kiapo.

Mimi nimezaa watoto sita na wote wako mbali. Uani kwangu kumekuwa kimya mno. Mlete huyo mwenye miguu ya paa. Inshallah safari yenu iwe ya amani.

Mama yako wa huku,
Fakhriya binti Saif


Kariakoo
19 Julai 1936

Mama mpendwa,

Shikamoo. Wilbert, msomee Mama polepole, na usiruke kama ulivyozoea.

Tulifika salama mwezi uliopita, nisamehe kuchelewa kuandika. Agnesi alitapika kwenye meli mara moja tu, kisha akawa rafiki wa mabaharia. Baba yake alikuwa amesimama bandarini amevaa koti kwenye jua kali. Agnesi alijificha nyuma ya sketi yangu, maana ni mwaka na nusu hajamwona. Hakumlazimisha. Alichuchumaa akamwambia, "Nimesikia unabeba chungu." Mtoto akatoa kichwa. "Kikubwa," akasema. Walikwenda mbele yetu mpaka nyumbani wakizungumza habari za chungu.

Mama, nilidhani nitaonyeshwa kitanda. Nilionyeshwa sanduku. Hata kofia hajavua, alipiga magoti akafungua wavu, akavuta trei, akanieleza mwanzo mpaka mwisho, na Bi Fakhriya amesimama mlangoni akitikisa kichwa. Nilimwuliza, "Na wewe unalala wapi?" Alisema, "Hapa." Nikamtazama Bi Fakhriya, naye akatazama dari. Nikasema, "Na kabla ya hapa?" Alishika sikio lake. Basi nikaliacha. Godoro lilikuwa limeshatandikwa, kavu, linanukia usufi mpya, na nililala juu yake kama sijapata kulala.

Mwezi wa sita kopo lilikuwa linapata maji robo, kisha vijiko. Kila asubuhi alinionyesha kabla ya chai. Mimi nikawa nasema "Vizuri," nikiendelea na kazi yangu. Kumenya ndizi hapa ni shida, ndizi zenyewe ndogo, lakini majani ya migomba yapo, nimeyaona sokoni yamefungiwa samaki.

Sasa sikiliza ya juzi. Asubuhi alivuta trei akakuta chumvi iko vile vile alivyoiweka, ngumu, na kopo halina hata tone. Akakaa kitandani na kopo mkononi. Uso umemshuka.

"Imeharibika," akasema. "Nitamwita Hamis."

Nikamwambia, "Baba Agnesi, haijaharibika. Imekosa cha kunywa."

Alinitazama kama hajasikia. Akainuka akaweka kiganja kwenye ukuta wa nyuma. Akakiondoa, akakitazama, akakiweka tena mahali pengine. Alizunguka chumba kizima hivyo, ukuta kwa ukuta, na Agnesi nyuma yake akigusa chini pale anapofika. Walipomaliza, viganja vyao vyote vilikuwa vikavu. Akafungua dirisha, akaenda dukani. Nilimsikia akipiga mluzi mpaka barabarani.

Sanduku tunalitunza, masika mengine yatakuja. Ramadhan ametuletea chokaa ya kupaka upya ukuta, na safari hii Bi Fakhriya amesimamia mwenyewe wasipake juu ya kitu kisichokauka.

Mama, najua ulimwambia Wilbert kwamba nitarudi kabla ya kuvuna. Usiningoje. Mwezi wote huu nguo zangu zilikuwa bado katika sanduku langu la safari, zimekunjwa kama nilivyozikunja kwako, kila asubuhi natoa moja na kurudisha nyingine. Juzi, alipokwisha kwenda, nilimwomba Bi Fakhriya nyundo. Nimepigilia misumari mitatu kwenye ukuta wa nyuma, na nimezitundika zote.

Mwanao,
Josepha